Kamati ya kwenda Kitulo

Sijui nani alituroga sisi wabongo, watu saba wa ukoo mmoja kwenda kutembea siku moja tu na kurudi, lazima iundwe kamati. Tupo Mbeya mjini, Kitulo, ile hifadhi ya maua, iko hapo juu, lakini likafunguliwa grupu la WhatsApp, mwenyekiti shemeji, mweka hazina mke wake (ona mambo hayo), mimi nikapewa kamati ya barabara kisa eti niliwahi kufika Matamba, kule jirani na hifadhi.

Nikawaambia jamani, maua ya Kitulo yanachanua kuanzia Desemba mpaka Aprili na hiyo ndo mvua yenyewe, yaani maua na tope vinakuja pamoja, ukitaka kimoja unabeba na kingine, kwa hiyo tukodi gari ya juu yenye nguvu. Shemeji akajibu kwa voisi ndeeefu kwamba Noah yake imefika Sumbawanga enzi za vumbi. Basi yakaisha. Ukabaki ubishi wa njia, tupandie Chimala kwenye zile kona 57 au tupite Uyole tukakunjie Isyonje. Mama mdogo akasema tumbo lake halina mkataba na kona. Isyonje ikapita.

Kuondoka ilipangwa saa 12 asubuhi, tukatoka saa 4 maana pilau halijaiva.

Kufika Isyonje, ukungu na baridi, viazi vimepangwa pembeni ya barabara vinang'aa. Mama mdogo akasema, "Simamisha hapo mwanangu." Nikasema mama si tununue tukirudi? "We mwanaume unajua nini bei ya viazi, ukirudi ukakuta vimeisha?" Likapandishwa gunia la lumbesa, lile linalojazwa mpaka mdomo haufungi wanashonea kamba juu. Dada naye akaona asipitwe, likapanda la pili. Sufuria la pilau likahamia mapajani kwangu, la moto.

Njiani nikajitia kuwapa historia, kwamba wenyeji wanaita Bustani ya Mungu, imekuwa hifadhi ya taifa 2005, maua ya okidi peke yake yapo aina zaidi ya 40, na huko nyuma watu walikuwa wanachimba mizizi ya hizo okidi inapelekwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko. Mama mdogo akageuka taratibu. "Kumbe hata hayo maua chini yana viazi? Sasa si tungeishia Isyonje."

Mvua ikaanza kama kuna mtu kafungua koki, Noah ikateleza kushoto, ikateleza kulia, halafu ikakaa. Ilikaa kweli, tope mpaka kwenye mlango. Tukashuka wote kusukuma isipokuwa magunia, mama mdogo kagoma kabisa yasishuke, anasema viazi vikilowa vinaoza, sisi tukilowa tutakauka.

Wakaja vijana na majembe kutoka mashambani. Mmoja akachungulia nyuma ya gari, akamwangalia shemeji, akarudi kuchungulia tena. "Mzee, hivi viazi mnavipeleka wapi?" Shemeji akasema tunapanda navyo Kitulo. Jamaa wakacheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye tope, maana huku juu ndo vinakolimwa, hawajawahi kuona mtu anavipandisha mlima. Mama mdogo kimya, anaangalia dirisha la upande wa pili.

Wakatunasua, hela yote ya kiingilio ikaishia kwao, na mbele hakupitiki. Pilau tukalila pale pale pembezoni mwa shamba la viazi lililochanua, meupe na zambarau, na kusema ukweli palipendeza. Shemeji mwenyekiti akaingia katikati, akavua koti, akapiga picha kibao, jioni akazitupia kwenye grupu la ukoo mzima: "Kitulo, Serengeti ya maua 🌸🌸 asanteni kamati."

Likes zikamiminika mpaka bibi wa Makete alipoamka: "Baba, mbona mmekanyaga matuta ya watu?"