Rekoda msituni Rondo: inasikia kila kitu, ila inamjua nani?

Kijana mmoja hapa Lindi aliniambia siku hizi hakuna haja ya kulipa watu waende Rondo kuhesabu ndege, unafunga rekoda kwenye mti, unaondoka, basi. Nikacheka, halafu nikatulia maana nusu ya maneno yake ni kweli.

Misitu yetu ya pwani imefunga majani kweli kweli, ndege mdogo kama yule Batis wa Reichenow anayepatikana huku kusini mashariki anajificha huko ndani, darubini unayo shingoni na hakuna unachoona, unasikia tu. Na Rondo yenyewe ina ushahidi wake: yule komba mdogo wa gramu 60 hivi, watafiti miaka ya 1990 walimtenganisha na komba wengine kwa kusikiliza sana mlio wake. Rekoda haisinzii wala haiogopi nyoka, alfajiri mtu anatafuta viatu yenyewe ishaanza kazi, na sauti inabaki, mwaka kesho mwingine anaisikiliza anakubishia. Halafu inasikia na chenso. Sehemu kubwa ya Rondo ilishageuka mashamba ya miti ya kupandwa, kwa hiyo ukifunga moja kwenye msitu wa asili uliobaki na nyingine huko kwenye miti ya kupandwa unalinganisha sauti za asubuhi, unajua nani kahama.

Sasa shida. Kuna kurumbiza, yule ndege wa rangi ya machungwa, Cossypha natalensis kwa jina la kitaalamu, huyo ni msanii wa kuigiza, anachukua mlio wa huyu na wa yule anaunganisha kwenye wimbo wake, tena anapenda kuimba jioni giza likiingia. Programu kama BirdNET, iliyotengenezwa na vyuo vikuu vya Cornell ya Marekani na Chemnitz ya Ujerumani, inakupa jina la ndege na alama ya jinsi ilivyojiamini, lakini kujiamini sio kupatia (hata binadamu tunawajua wa hivyo). Mzee wa Kimwera aliyekulia pale anasikia mara moja anasema huyo ni kurumbiza, anaigiza tu, na mzee huyo hayumo kwenye programu.

Pia ukimya haumaanishi ndege hayupo, wengi wakimaliza kuzaliana wanapunguza kuimba, na milio ishirini inaweza kuwa ya ndege mmoja mwenye kelele. Kusi ikivuma nayo unapata majani tu. Saa moja ya kurekodi kwa ubora mzuri inakula karibu MB 345, siku nzima ni GB 8 na ushee, zidisha kwa rekoda kumi kwa mwezi halafu niambie nani atasikiliza.

Na hili watu hawalisemi: akina mama wanapita hapo kuokota kuni wakipiga stori zao, nazo zinarekodiwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kijiji kiambiwe mapema mashine imefungwa wapi na nani atasikiliza.

Mimi rekoda nazitaka. Ila ningekuwa na hela ya kumi ningenunua sita, inayobaki nimlipe yule mzee posho akae na vijana wawili wasikilize pamoja, na kopi za memori kadi zibaki Lindi, zisiende zote Dar kisha tusizisikie tena.