Panya wa Boneti ni Ugonjwa wa Bodi

Kila masika yanapokatika na magari yaliyolala yakaanza kuwashwa tena, gereji za Malindi hupokea kesi ileile: stata haiitikii, taa ya upande mmoja imezimika, feni ya hita inazunguka kwa kelele, na boneti ikifunguliwa nyaya zinaonekana zimemenywa hadi shaba inang'aa. Mwenye gari humlaani panya, fundi wa umeme huunga nyaya, pesa hulipwa, na mwezi haujaisha gari limerudi palepale. Maoni yangu ni kwamba kesi hii hupelekwa kwa fundi asiyehusika. Panya ndani ya gari kuukuu ni ugonjwa wa bodi kabla ya kuwa ugonjwa wa umeme, na pesa ya kwanza inastahili kwenda kwa mchomeleaji, ndipo itakayobaki iende kwa fundi wa nyaya.

Mazingira yetu yanampenda panya kuliko yanavyolipenda gari. Anayetusumbua zaidi huku pwani ni panya wa paa, ambaye wataalamu humwita Rattus rattus, mpandaji hodari ambaye asili yake ni Bara Hindi na ambaye alisambaa duniani kwa vyombo vya baharini. Leo anaishi katika mapaa ya makuti na kwenye vilele vya minazi, akitoboa vitale na madafu kabla mwenye shamba hajayaonja. Mtu akijenga kibanda cha makuti ili gari lisichomwe na jua, au akiliegesha chini ya mnazi, huwa amelilaza chini ya nyumba ya panya. Kisha kuna chumvi. Upepo wa kusi husukuma unyevu wa bahari hadi mitaa ya ndani, na ukielekea Gongoni, ambako chumvi yenyewe huvunwa, hali ni mbaya zaidi. Bati la gari huliwa mahali pasipoonekana: katika mikunjo ya sakafu, chini ya zulia linaloshika maji, ndani ya madigadi na kwenye vizingiti vya milango. Gari lililotoka kiwandani likiwa na matundu machache yaliyozibwa kwa vizibo vya mpira hufikia umri wa miaka 30 likiwa na milango ambayo hata mwenyewe haijui.

Milango hiyo haihitaji kuwa mikubwa. Kipanya cha nyumbani hupenya tundu la milimita 6 hivi, unene wa penseli, na panya aliyekomaa huhitaji kama mara mbili ya hapo. Gari lolote la zamani lina nafasi za namna hiyo hata kabla ya kutu kuanza: pale nyaya na kebo ya klachi zinapopita kutoka kwenye injini kuingia chumbani, chini ya mpira wa gea uliochanika, na zaidi ya yote kwenye tundu la kuingizia hewa lililo mbele ya kioo, ambalo hushuka moja kwa moja hadi kwenye sanduku la hita.

Nimeshuhudia sanduku la hita la pikapu ya Peugeot 504 likifunguliwa gereji, na harufu ya mkojo ilitangulia kabla ya skrubu ya mwisho kutoka. Ndani mlikuwa na kiota kilichosukwa kwa makumbi ya nazi, sponji ya njano iliyotolewa kitini, risiti zilizochanwa vipande na maganda mekundu na meusi ya nyaya. Pembeni palikuwa na kigunzi cha hindi pamoja na kokwa za embe zilizotobolewa na kukombwa, na kokwa moja ilikuwa imekwama kwenye bawa la feni. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele. Zulia la upande wa abiria lilipoinuliwa, tundu lilionekana, upana wa sarafu ya shilingi 20, kutu imechakaa pembeni lakini ukingo wa chini umekuwa laini na mweusi kwa mafuta ya miili iliyopita hapo usiku baada ya usiku. Ukingo mweusi wa namna hiyo ndio ushahidi wa kuaminika kuliko kinyesi, kwa sababu unaonyesha tundu lenyewe wanalopitia.

Yapo maelezo yaliyoenea kwamba panya hutafuna nyaya kwa sababu siku hizi maganda yake hutengenezwa kwa soya. Huko Marekani wamiliki wa magari wamewahi kuwapeleka mahakamani watengenezaji, Toyota ikiwemo, kwa hoja hiyo. Mimi sioni kwamba inatufaa kitu. Magari ya miaka ya 1970, ambayo nyaya zake ni za plastiki ya kawaida isiyo na soya, hutafunwa vilevile. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, hivyo hutafuna ili kuyapunguza na hutafuna ili kupata malighafi ya kiota. Mnyama aliyekwisha kuingia atatafuna kilichopo, na swali la maana linabaki kuwa aliingiaje.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi wetu wengi wa umeme, ingawa kazi yao naiheshimu. Mmoja alimwambia mteja wake, tukiwa tumesimama hapohapo, "Mzee, waya nimeunga. Hayo ya panya ni yako wewe na paka wako." Jibu hilo lilichekesha gereji nzima, lakini linafichua tatizo: kila mtu anashughulikia kipande chake na tundu halina mwenyewe. Tena uungaji wenyewe mara nyingi ni wa kusokota shaba na kuizungushia tepu. Katika joto la injini gundi ya tepu huyeyuka, unyevu wenye chumvi hupanda ndani ya ganda, na shaba hugeuka kijani kisha nyeusi, hata mahali ambapo jino la panya halikufika. Nyaya za namna hiyo zikatwe kurudi nyuma mpaka ionekane shaba safi, ziungwe kwa waya wa unene uleule, kiungo kilehemiwe kwa risasi au kibanwe kwa kifungio chake, kisha kivalishwe mpira unaosinyaa kwa moto. Fyuzi irudi ya kiwango chake. Wanaoweka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, na makumbi makavu yamelala karibu na ekzosi, wanaliandaa gari kuungua.

Wapo watakaosema dawa ni kuuza mkweche na kununua gari la kisasa, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yanayozidi miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Panya hasomi hati za forodha. Gari la kisasa lina nyaya nyingi zaidi, na jino moja likigusa waya wa kihisio au wa kompyuta ya injini, bili ya kutafuta kosa peke yake inaweza kuumiza kuliko ukarabati wote wa gari la zamani. Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, nyaya zake mtu makini huweza kuzifuata kwa macho na kidole toka betri hadi taa ya nyuma. Na bodi yake ni bati linalokatika na kuchomelewa na fundi yeyote mwenye mkono mzuri. Kwa hoja hii ya panya, gari kuukuu lina nafuu, mradi liwe limezibwa.

Kuziba kuna utaratibu wake. Kwanza matundu yatafutwe, na njia bora ninayoijua ni ya taa: usiku, zulia na viti vikiwa vimetolewa, taa yenye mwanga mkali huwekwa ndani ya gari, milango hufungwa, kisha mtu hulala chini na kuangalia mwanga unakotokea. Kila nuru hutiwa alama ya chokaa. Mwenye gari atashangaa, hasa akifika nyuma ya magurudumu ya mbele. Baada ya hapo betri ifunguliwe, nyaya na mazulia yaondolewe karibu na moto, na kutu ikatwe hadi kufikia bati zima. Hapa ndipo ubahili unapoingia. Wateja wengi huridhika na faiba au fila iliyopakwa juu ya kutu na kusuguliwa ikawa laini, ambayo ikikauka hupendeza, huku kutu ikiendelea kula kimyakimya nyuma yake mpaka pale ukingo utakapoachia na panya akamalizia. Sakafu inataka bati jipya, la unene wa geji 18 au 20, lililochomelewa pande zote, likapakwa rangi ya kuzuia kutu juu na chini, na viungo vyake vikajazwa silanti. Oili chafu ambayo watu hupenda kuipaka chini ya gari huozesha mipira ya mitambo na kuchafua udongo, nami siipendi.

Tundu la hewa haliwezi kuchomelewa, kwani gari linahitaji kupumua. Hilo huwekewa wavu wa chuma uliopakwa zinki, wenye vijitundu visivyofika milimita 6, ukakazwa kwa riveti na kupakwa rangi. Wavu wa mbu wa plastiki ni kazi bure, na ule wa aluminiamu hautofautiani nao sana. Povu la kupulizia linalouzwa madukani hutafunwa. Sufu ya chuma ya kusugulia sufuria, ambayo vitabu vya nchi za baridi huisifu, kwa chumvi yetu huwa unga wa kutu baada ya muda mfupi, na isitoshe hupitisha umeme, kwa hiyo kuisokomeza pembeni mwa nyaya ni hatari. Palipopita nyaya pawekwe vizibo vipya vya mpira vinavyobana sawasawa. Jambo moja halina mjadala: matundu ya kutolea maji chini ya milango na chini ya kioo yasizibwe. Yawekewe wavu ikiwezekana, lakini maji yapite, vinginevyo mvua za masika zitajaa humo na kutu itaanza upya.

Dawa nazipa nafasi ndogo. Sumu ya panya humuua siku kadhaa baadaye, naye huweza kufia ndani ya njia ya hewa, mahali ambapo mkono haufiki, na paka au bundi akimla huweza kudhurika naye. Vidonge vya nafthalini vinavyotundikwa chini ya dashibodi hunukia dawa ya kabati na huwatia watu moyo, lakini mvuke wake ndani ya gari lililofungwa ni sumu kwa abiria. Ni hatari zaidi kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithiwa ambayo si ngeni katika maeneo ya malaria kama yetu, kwa sababu huweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu. Vifaa vya kutoa sauti isiyosikiwa na binadamu, tume ya biashara ya Marekani iliwaandikia onyo watengenezaji wake mwaka 2001, kwa sababu madai yao hayakuwa na uthibitisho wa kutosha. Tepu yenye pilipili, ambayo Honda huiuza, ina mantiki, nami sina ugomvi na mtu anayeizungushia nyaya zake baada ya matundu kuzibwa.

Kuhusu paka najua nitabishiwa, hasa na watu wa Lamu, mji wenye paka wengi. Watafiti waliweka kamera katika kituo cha taka huko Brooklyn, New York, na matokeo yao yaliyotoka mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika siku 79 paka wa pale waliua panya wawili tu. Kipanya paka atamkamata, lakini panya aliyeshiba nazi, paka humfikiria mara mbili.

Kiota kikipatikana, kisipulizwe kwa kompresa wala kufagiwa kikavu, tabia ambayo gereji zetu wanayo na ambayo hurusha vumbi la mkojo usoni mwa fundi na kijana wake. Mkojo wa panya hubeba vijidudu vya leptospirosisi, ugonjwa uliozuka Lindi, Tanzania, mwaka 2022 na kuitwa homa ya mgunda. Zivaliwe glavu na barakoa, kiota kiloweshwe kwa maji ya dawa ya klorini, kiachwe kidogo, kisha kiokotwe na kutiwa ndani ya mfuko. Sponji iliyolowa mkojo itupwe, isianikwe.

Mteja naye ana wajibu wake kabla ya kutoa pesa. Mapatano yafanywe tangu mwanzo kwamba kazi ni moja, bodi na nyaya pamoja, na kwamba sehemu ya mwisho ya malipo itatolewa baada ya taa kuwekwa tena ndani ya gari usiku na nje kuonekana giza. Fundi mzuri hatakataa.

Linabaki suala la magari yanayolala. Watu wa kisiwa cha Lamu huacha yao Mokowe, upande wa bara, wakavuka kwa boti, na wenye majumba ya Malindi, Waitaliano na wenzetu wa Nairobi, hufunga milango mwezi wa Mei na kuyaacha hadi msimu urudi. Magunia ya mahindi, mifuko ya korosho na makombo ya viazi karai yatolewe butini kwanza. Boneti iachwe wazi pale penye paa na lango la kufungwa, kwa kuwa panya hapendi mwanga na upepo, na gari liendeshwe kilomita kadhaa kila wiki badala ya kuungurumishwa langoni kwa dakika mbili. Mlinzi anayeachiwa ufunguo kwa kazi hiyo alipwe posho yake kando, kwa sababu mshahara wake ni wa kulinda nyumba.