Hazina mbili, mkuu mmoja

Nikisikia timu inataka hazina zake mbili za msimbo (mahali panapotunzwa msimbo wa programu na historia yake) zilingane wakati wote, watu wakiandika huku na kule, swali langu huwa moja: siku zikitofautiana, ipi itafuatwa? Wakijibu "zote", najua kazi ipo.

Sababu za kuwa na hazina mbili sizibishi. Kampuni ina seva ya ndani na inataka sehemu ya msimbo ionwe na umma. Timu inahama kutoka Subversion kwenda Git, zote zana za kutunza historia ya msimbo, na haiwezi kuhama kwa usiku mmoja. Ninachobisha ni imani kwamba skripti ya kuvuta mabadiliko huku na kuyasukuma kule kila baada ya dakika 5 inamaliza mambo.

Git haikujengwa hivyo. Heshi (alama ya utambulisho) ya kila komiti, yaani badiliko lililohifadhiwa, hukokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye mafaili, ujumbe, mwandishi, wakati na heshi ya komiti iliyotangulia. Ukilihamisha badiliko kwa `git cherry-pick` na kulipachika juu ya komiti nyingine, unapata komiti mpya kabisa, hata kama hakuna herufi iliyobadilika. Hatimaye unabaki na historia mbili zenye msimbo uleule, na Git inaziona kama ndugu wasiojuana. Halafu watu wawili wasukume kwenye tawi (mkondo wa kazi) lilelile, kila mmoja kwenye hazina yake, kabla dakika 5 hazijaisha. Skripti itakwama, na hiyo ndiyo bahati. Ikiwa mtu ameiruhusu kulazimisha, itafuta kazi ya mmoja wao kimyakimya. Amri ya `git push --mirror` ndiyo ya kuogopwa zaidi: hulazimisha matawi na tagi (majina yanayobandikwa kwenye komiti) za kule zifanane na za huku, na zisizokuwepo huku hufutwa kule. Kwa kioo, yaani nakala ya kusomwa tu, haina ubaya.

Miradi mikubwa haikubali wakuu wawili. GitHub, tovuti ya kuhifadhi hazina za Git, ina nakala ya Linux ya Linus Torvalds, mwanzilishi wake, lakini maombi ya kuunganisha hayapokelewi pale. Viraka, yaani mabadiliko yanayopendekezwa, hupita kwenye barua pepe. Machi 2021, komiti za hila zilipoingizwa kwenye seva ya lugha ya programu ya PHP kwa majina ya Rasmus Lerdorf, mwanzilishi wake, na Nikita Popov, mmoja wa waendelezaji wake, mradi uliachana na seva hiyo, na hazina za GitHub, ambazo awali zilikuwa vioo tu, zikafanywa kuu. Mkuu alibadilika, lakini akabaki mmoja. Hata Copybara, zana ya Google ya kuhamisha msimbo kati ya hazina, hukutaka uchague ipi ni kuu. Michango ya upande wa pili inaweza kupokelewa, ila hupitia kwanza kwa mkuu ndipo irudi.

Kwa hiyo funga ruhusa ya kuandika kwenye kioo. Akaunti ya roboti peke yake ndiyo isukume. (Ndiyo, hata kiongozi wa timu afungiwe. Yeye hasa.) Tiketi (taarifa za hitilafu na kazi) na mijadala haisafiri na Git, basi iwekeni upande mmoja. Mafaili makubwa ya LFS (nyongeza ya Git inayoyahifadhi kando) nayo yanahitaji kusukumwa kwa amri yake. Na kila saa linganisha matokeo ya `git ls-remote` (amri inayoorodhesha matawi na tagi pamoja na heshi zake) ya pande zote mbili. Yakitofautiana, mtu apigiwe kengele, skripti isijaribu kurekebisha chochote.