Eti Nishukuru Mungu Sikuzama Mimi

Jamani nimeshukuru. Nimeshukuru asubuhi, nimeshukuru mchana, na jana usiku nilivyotaka kutega alamu nikakumbuka sina simu nikashukuru tena. Sasa naomba mniache nilalamike kidogo, maana tangu siku ile kila nikifungua mdomo kuna mtu ananiwahi, "we shukuru Mungu hukuzama wewe, mali zinatafutwa." Zinatafutwa na nani? Si na mimi! Na huyo anayesema zinatafutwa hajawahi hata kuniazima buku ya nauli.

Iko hivi. Mwezi wa saba shemeji yangu alikuwa anaoa kwao Chole, kile kisiwa kidogo pale Mafia, na mama Zai ana mtoto mchanga hajamaliza hata arobaini kwa hiyo hasafiri, nikatumwa mimi na mizigo yote. Sukari kilo tano, doti mbili za kitenge, na hotpoti zile za seti, tatu zinaingiana. Alfajiri niko Mbagala Rangi Tatu nagombea siti ya basi la Nyamisati, mchana niko kwenye boti naelekea Kilindoni, na kama hujawahi kuvuka ule mlango wa Mafia kipindi cha kusi basi usinisimulie habari za mawimbi. Mwanzo raha, mnapita kwenye mikoko maji yametulia kama chai kwenye kikombe, watu wanapiga stori, kuna mama anamenya machungwa. Mkitoka tu kwenye delta boti inaenda mrama, yule mama wa machungwa kimya, kila mtu anasoma dua anayoijua na asiyoijua, mi nilitapika mpaka chakula cha juzi.

Lakini sikiliza, sikupoteza kitu! Hata sindano. Maana nilijiandaa, simu niliifunga kwenye mfuko wa mkate mara mbili (zamani ungefunga kwenye rambo, ila toka zipigwe marufuku ile Juni 2019 mfuko wa mkate ndio umekuwa mali), miwani nimeifunga kamba nyuma ya kichwa kama mwalimu mstaafu, ndala ziko ndani ya begi, begi nimelikalia. Nikashuka Kilindoni nimelowa mpaka kwenye masikio ila mali zote zipo, nikajiona baharia. Nikapanda bodaboda mpaka Utende najisifu njia nzima.

Hapo Utende ndio nilipoharibu. Chole unaiona, iko pale mbele, minazi unaihesabu, ni kakipande ka maji ambako mashua inavuka kabla hujamaliza kuchat na mtu. Nikasema ah, hapa kwani pana nini. Nikafungua mfuko wa mkate, nikatoa simu nikaiweka mfuko wa shati, ile kamba ya miwani nikaitoa kwa sababu mtu unaenda ukweni huwezi kufika umejifunga kamba kichwani, nikavaa ndala, nikakunja suruali tukaingia majini maana maji yalikuwa yanapwa na mashua iko mbele kidogo. Tulikuwa abiria kama saba, na godoro moja, na beberu wa harusi ambaye alikuwa amekaa kwa utulivu kuliko sisi wote.

Upepo ulikuwa unatutoka mbele ikabidi tubishe. Kwa msiojua, mashua haiwezi kuufuata upepo puani, inakwenda upande huu, inageuza tanga, inakwenda upande ule, na kila ikigeuza abiria mnahama. Nahodha akasema, "Haya jamani tunageuza, hamieni huku." Na sekunde hiyo hiyo simu ikaita. Mama Zai. Sasa wewe mwenye mke unajua, simu ya mke ukiwa safarini huiachi iite, nikaitoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeshika hotpoti, watu wanahama, beberu naye anahama, na mashua ikainama ule upande niliopo mimi.

Simu haikuanguka, niseme ukweli. Ilichomoka. Kama kambare. Ikagonga ubao wa ukingo mara moja, ko, ikaingia majini. Na yale maji ya pale ni meupe, unaona mpaka chini, kwa hiyo niliiona yote ikishuka, inazunguka polepole, kioo kinawaka, MAMA ZAI ANAPIGA, inazunguka, MAMA ZAI ANAPIGA, ikawa ndogo, ikawa kama kiberiti, bado inaita. Nikainama kama naweza kuikamata, miwani nayo ikasema simwachi mwenzangu aende peke yake. Chubwi. Nikarudi nyuma kwa mshtuko nikakanyaga mfuko wa sukari uliokuwa ukingoni, ukaenda. Kilo tano. Bahari ina chumvi toka enzi za Nabii Nuhu, siku hiyo ndio imeonja kitu kitamu, na ni kwa gharama yangu. Ndala ya kushoto sijui hata ilitoka saa ngapi.

Na hotpoti? Zote tatu zikaanguka na zote tatu zikaelea! Zinacheza juu ya maji kama bata, kijana wa mashua akaziopoa kwa pondo moja moja hata hazijakwaruzika. Yaani hapo ndipo nilipoijua bahari. Kitu cha elfu kumi na tano inakurudishia, simu ya laki tatu na nusu inakaa nayo. Na ile simu ni ya mkopo! Kila siku nalipia elfu moja mia tano, nimebakiza miezi minne. Ndani ya kava kulikuwa na elfu arobaini na kitambulisho.

Nikamuuliza nahodha hapa kina chake kikoje, akasema "pima sita," kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mchicha. Kijana akasema kwa elfu thelathini anazamia, ila mkondo unavuta, haahidi. Afu bibi mmoja aliyekalia godoro akanitazama kwa huruma kabisa akasema, nadhani mnajua alichosema.

Kufika Chole sioni vizuri, naona watu kama vivuli. Mmoja akanijia mikono miwili nikajua ni shemeji, nikampiga bega nikamwambia, "Oya, mambo vipi, umenenepa!" Alikuwa baba mkwe. Mzee wa watu, fundi wa kuunda mashua maisha yake yote, mikono inanukia sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka mashua, na pamba ya kalafati ya kuzibia mbao, anasubiri shikamoo ya mkwe wake. Kimya kikatanda mpaka wale popo wakubwa wa Chole wanaoning'inia mitini nahisi walinigeuzia macho. Nikaamkia upya. Akaitikia, akasikiliza kisa chote mpaka mwisho, akavuta pumzi, nikajua sasa mtu wa bahari ataniambia neno, akasema, "Ah, mwanangu, shukuru Mungu hukuzama wewe."

Shemeji yeye akaleta utani, eti simu imemezwa na papa potwe. Nikamwambia papa potwe pamoja na ukubwa wote ule na domo lile anakula vijidudu na vidagaa, hana haja na simu ya mkopo, na halafu msimu wake hapa ni kuanzia kama Oktoba, sisi tuko Julai. Akasema kumbe unajua mambo, sasa simu ilikushindaje.

Jioni nikaazima simu yake nikampigia mama Zai. Jamani. "Simu iliita weee, afu ukaizima." Sikuizima, imezama. "Imezama inaitaje?" Nikajaribu kumweleza kwamba ilikuwa inaita huku inashuka. Akanyamaza kidogo afu akauliza kwa upole ule wa hatari, "Na hiyo namba unayopigia ni ya nani?" Ya kaka yako! Akaomba aongee naye.

Kurudisha laini nako ni safari nyingine. Unatakiwa namba ya NIDA, kichwani sina, iko kwenye kitambulisho, kitambulisho kiko pima sita. Nikaambiwa nianze polisi nipate ripoti ya kupotelewa. Afande anajaza, akafika pa kuuliza mahali ilipopotelea, nikasema baharini. Akaweka kalamu chini. "Baharini kata gani?" Nikasema katikati ya Utende na Chole afande. "Sasa katikati nitaandika kata gani? Huna sehemu nyingine ulipopotelea?" Mwisho tukakubaliana tuandike Utende, akagonga muhuri, akanipa karatasi, na neno la bure la kunifariji mnalijua. Laini ilivyorudi kwenye kisimu cha tochi meseji ya kwanza kuingia ni ya wale wa mkopo, usipolipia leo simu yako itafungwa. Fungeni! Ifungeni huko huko, labda pweza ndio atatafuta hela.

Kuhusu ndala, nilikuwa nimejifariji. Mkondo wa pwani yetu hii unapanda kaskazini, na Lamu mwaka 2018 walizindua jahazi lililoundwa kwa plastiki za kuokotwa, wakalivika vipande vya ndala kama 30,000, na mwaka uliofuata likashuka mpaka Zanzibar. Nikasema sawa, ndala yangu imeenda kutafuta kazi. Siku zote za harusi nimezunguka na makubadhi ya shemeji, namba saba, mimi navaa tisa, kisigino kinatembea mchangani.

Siku ya kuondoka, tupo kwenye mashua ile ile, nikaifungua begi nikaikuta ile ndala ya kulia iliyobaki, imejaa mchanga, inaniangalia. Nikapandwa na hasira nikaitosa. Nenda na wewe! Nahodha akanigeukia mkali, "Bwana mgeni, hapa ni hifadhi ya bahari toka 1995, hatutupi taka." Taka! Juzi nimetosa simu, miwani na kilo tano za sukari hakuna aliyesema taka.

Tukafika Utende. Pale mchangani kuna katoto ka kiume kama miaka tisa hivi kamechuchumaa, kakaniona kakasimama, mkononi kana ndala ya bluu, ya kushoto, imetobolewa na kaa lakini ni yenyewe.

"Shikamoo mjomba. Hii si yako? Tumeiokota juzi maji yalivyopwa. Elfu moja tu."

Nikatoa elfu moja, nikaishika, sikusema kitu. Kakanitazama miguu, afu kakatazama majini kule tulikotoka, kakaweka mkono juu ya macho kuziba jua.

"Mjomba, na ile inayoelea kule nayo si yako? Nikuletee? Ila ile ni elfu mbili, iko mbali."