Olavo de Carvalho: Mwalimu Aliyeishuka Ngazi Yake Mwenyewe

Usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018, Jair Bolsonaro aliketi mbele ya kamera kuwashukuru Wabrazil kwa kumchagua kuwa rais. Mezani palikuwa na vitabu vinne: Biblia, Katiba, kumbukumbu za vita za Winston Churchill, na mkusanyo wa makala za Olavo de Carvalho, mwandishi na mwalimu wa falsafa wa Brazil, uliotoka mwaka 2013. Jina la mkusanyo huo linamwahidi msomaji mambo machache ya lazima kuyajua ili asiwe mpumbavu. Mwenyewe Olavo alikuwa mbali, Virginia, Marekani, alikohamia mwaka 2005. Hakuwa na cheo serikalini, wala shahada ya falsafa.

Wasomi wengi wa vyuo vikuu vya Brazil walimkataa katakata. Walimwita mnajimu, na kweli unajimu aliwahi kuufundisha. Ujanani alikuwa mkomunisti. Baadaye akapitia tarika ya Kisufi ya Frithjof Schuon, mwandishi wa mambo ya kiroho mzaliwa wa Uswisi, hatimaye akawa mtetezi mkali wa Ukatoliki. Kwangu mimi hoja ya shahada si nzito. Mwanafalsafa hupimwa kwa kazi yake, na Olavo anayo kazi ya kupimwa.

Mwaka 1996 alitoa kitabu kuhusu Aristotle. Humo anasema ushairi, balagha, mjadala na mantiki ni vidato vinne vya ngazi moja. Ushairi huonyesha linalowezekana. Balagha humvuta msikilizaji akubali jambo kwa kuwa linafanana na anayoyaamini tayari. Mjadala huzikutanisha hoja zinazopingana na kuzikagua moja baada ya nyingine, hadi lionekane lililo karibu zaidi na kweli. Mantiki hufikia uhakika. Wataalamu wa Aristotle wanaweza kuyabishia hayo, lakini ni wazo la mtu aliyesoma na kufikiri. Ndiye pia aliyekusanya na kuchapisha upya insha za Otto Maria Carpeaux, mhakiki mkubwa aliyekimbilia Brazil kutoka Austria. Na kozi yake ya mtandaoni, iliyoanza mwaka 2009, iliwafungulia falsafa vijana wengi ambao hakuna chuo kilichowahi kuwapa nafasi hiyo. Hilo ni jema, na wanaomchukia wangelikiri tu.

Shida ni kwamba aliyeichora ngazi hiyo aliishuka. Kadiri umaarufu wake ulivyokua, ndivyo alivyozidi kukaa kwenye kidato cha balagha: matusi ya nguoni dhidi ya wapinzani, madai mazito bila ushahidi, njama kila kona. Mahakama ilimwamuru kumlipa fidia mwanamuziki Caetano Veloso kwa kumchafulia jina. Hoja yake ya msingi, kwamba mrengo wa kushoto ulitawala vyuo na vyumba vya habari, ilistahili mjadala wa kweli. Yeye aliigeuza rungu.

Watetezi wake husema asibebeshwe makosa ya serikali ya Bolsonaro. Wana sehemu ya haki: mwishoni mwa 2021 mwenyewe alilalamika kwamba Bolsonaro alimtumia kujitangaza, kisha akayapuuza mawazo yake. Lakini mawaziri Ernesto Araújo wa mambo ya nje na Ricardo Vélez Rodríguez wa elimu waliteuliwa kwa mapendekezo yake. Aliyependekeza mawaziri wa kuendesha nchi hawezi kusema alikuwa mtazamaji tu.

Linaloniuma zaidi ni suala la korona. Mwaka 2020 aliwaambia wafuasi wake kwamba hofu ya virusi hivyo ni hadithi ya kutishia watu. Hapa hatuzungumzii tena tafsiri ya Aristotle. Watu waliomwamini kama mwalimu walikuwa wakiamua kama wavae barakoa au wasivae, kama wawapeleke wazazi wao kuchanjwa au wawaache. Kidato cha mjadala, kile alichokifundisha yeye mwenyewe, ndicho kilichohitajika siku zile: kusikiliza madaktari, kukagua takwimu, kukubali kusahihishwa.

Januari 2022 ikatangazwa kwamba amepimwa na kukutwa na korona. Alifariki tarehe 24 mwezi huohuo, akiwa na umri wa miaka 74, na hata sababu ya kifo chake ikazua ubishi. Bolsonaro alitangaza siku moja ya maombolezo ya kitaifa, katika nchi ambayo ilikuwa imeshazika watu zaidi ya 600,000 waliouawa na ugonjwa huo.