Mipaka ya shule Marekani: ilianza na miguu ya watoto, ikaishia kwenye kodi

Waswahili tulioko huku Marekani mtu akitafuta nyumba utasikia anaulizwa, iko wilaya gani ya shule (yaani eneo lenye shule zake na kodi yake ya kuzilipia)? Barabara moja tu katikati, upande huu shule safi, upande ule hoi. Wengi wanadhani kuna mtaalamu alikaa akapiga hesabu. Wapi!

Vijijini, kwenye ardhi mpya ya magharibi ya wakati huo, mambo yalianza na sheria ya kupima ardhi ya 1785 (ardhi ya wenyeji asilia hiyo, ila nani alijali). Wapimaji wakakata miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba vipande 36 vya ekari 640, na kipande namba 16 kikawekwa kwa ajili ya shule. Sio lazima shule ijengwe hapo, kilikodishwa au kuuzwa hela iende shule, na sehemu nyingine kiliuzwa bei ya kutupa.

Ndani ya miraba hiyo wakulima wakagawana tena. Jimbo la Iowa, kwa mfano, mraba mmoja mara nyingi ulitoa vijiwilaya 9, kila kimoja maili 2 kwa 2, shule ya chumba kimoja inakaa karibu na katikati ili hata mtoto wa pembeni kabisa atembee kama maili 2 hivi. Mpaka wa namna hiyo mimi naukubali, una akili.

Balaa ni kodi. Shule ililipiwa na kodi ya mali (ardhi na majengo) iliyo ndani ya mpaka, kwa hiyo mstari ukiruka shamba moja na hela imeruka, na reli ikipita kwenu mmeula maana kampuni ya reli inawalipa nyinyi, majirani wanabaki kubana mshahara wa mwalimu. Watu wakawa wanaandika maombi kwa msimamizi wa shule wa kaunti shamba lao lihamishwe, mwingine kweli mtoto anavuka mto, mwingine anakimbia kodi tu, na yote yanaitwa maslahi ya watoto lol.

Huko mashariki, jimbo la Massachusetts liliruhusu vijiwilaya kwa sheria ya 1789, Horace Mann, katibu wa bodi ya elimu ya jimbo hilo, akaja kuilaumu sheria hiyo vibaya sana, na bado vilidumu mpaka 1882. Nchi nzima, mwanzoni mwa miaka ya 1930 wilaya zilikuwa zaidi ya 120,000, leo kama 13,000. Basi la njano la shule limeshamaliza habari ya kutembea, ila kodi ya mali bado inafuata mstari. Kwangu mimi hela ingekusanywa na jimbo lote, mipaka ibaki ya kupangia mabasi.