Kikokotoo kilimkuta baba akiwa amebakiza miaka sita

Baba yangu aliajiriwa kuwa karani wa mahakama Novemba 1990, akastaafu Novemba 2024 alipotimiza miaka 60. Miaka 34 kamili, yaani miezi 408. Alianzia mahakama ya mwanzo, akamalizia mahakama ya wilaya. Mahakimu walikuja na kuhamishwa, yeye akabaki masijala, na kila hakimu mgeni alianza kwa kumuuliza yeye jalada fulani liko wapi.

Mimi nilifuata njia hiyohiyo kwa mlango wa pili. Nilikuwa wakili wa Serikali upande wa mashtaka kwa miaka 11 na miezi minne, kisha mwaka 2017 nikaacha kazi nikamfuata mume wangu Uingereza. Tangu 2019 ninafanya kazi ya ofisini katika mahakama moja huku. Kwa hiyo ninapozungumzia mafao ya watu wa mahakamani na kikokotoo, yaani kanuni ya kuyapigia hesabu, ninazungumzia nyumba yetu yote, pande zote mbili za bahari.

Kwa wasiofuatilia: mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa waliongezewa hadi 65. Wakili wa Serikali na karani wamebaki kwenye 60. Jaji wa Mahakama Kuu naye ni 60, wa Mahakama ya Rufani 65, na umri wao umeandikwa kwenye Katiba. Ili upate pensheni ya kila mwezi kutoka PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, lazima uwe umechangia si chini ya miezi 180.

Hapo kwenye 180 ndipo nilipoangukia mimi. Nilikuwa na miezi 136. Nilipoondoka sikujua kwamba miezi 44 ndiyo iliyosimama kati yangu na pensheni ya uzeeni kwa kazi niliyoifanya nikiwa kijana mwenye nguvu, nikisimama na kesi za mauaji na za dawa za kulevya. Kosa la kutojua ni langu. Lakini huku nilipoajiriwa niliambiwa wiki ya kwanza kwamba ukitimiza miaka miwili ya utumishi, pensheni yako ya kazini ni yako, hata ukiondoka kesho yake. Itakaa inakusubiri, na itaendelea kupandishwa kulingana na bei za vitu. Miaka miwili dhidi ya miaka 15. Mwendesha mashtaka anayeacha kazi Tanzania baada ya miaka 12 au 14 ametumikia Jamhuri sana, na sioni haki ya kumtoa na mkupuo tu kana kwamba alikuwa kibarua wa msimu.

Hata hivyo, langu nimelikubali. Ninaloshindwa kulikubali ni la baba.

Baba alipoajiriwa aliambiwa jambo moja ambalo kila mtumishi wa kizazi chake analijua: ukistaafu, nusu ya mafao yako unapewa kwa mkupuo, nusu inabaki kukulipa kila mwezi. Kwa hesabu hiyo alinunua kiwanja na kupanga lini atapaua. Aliwaambia wadogo zangu ada ya chuo itatoka wapi. Mtu wa mshahara wa ukarani hana akiba nyingine. Kiinua mgongo ndicho benki yake, na anaanza kukitumia kichwani miaka 20 kabla hakijafika.

Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ikaunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya ikaja na mkupuo wa asilimia 25. Baba alikuwa amebakiza miaka sita. Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaisimamisha, akaagiza utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Watu wakapumua. Julai 2022 ikaja nyingine, asilimia 33. Juni 2024, miezi mitano kabla baba hajaondoka, bajeti ikasomwa na waliokuwa wakipata asilimia 50 zamani wakapandishwa kutoka 33 hadi 40. Kila mara alinipigia simu. "Mama, hesabu imebadilika tena. Hebu nikokotolee upya." Nami nakaa mezani Leicester, usiku, na kikokotoo cha simu.

Ngoja niwawekee hesabu yenyewe, maana mjadala wetu mwingi unaishia kwenye asilimia na kuacha mambo mengine yaliyobadilika pamoja nazo. Tuchukue mshahara wa milioni moja kwa mwezi ili tusisumbuke. Si mshahara wa baba. Miezi 408.

Kwa kanuni ya zamani ya PSPF unazidisha mshahara wa mwaka, milioni 12, kwa miezi hiyo, unagawa kwa 540, unazidisha kwa 15.5, unachukua nusu. Mkupuo unafika milioni 70.3, na pensheni ya mwezi ni kama 378,000. Kwa kanuni ya 2022 unagawa kwa 580, unazidisha kwa 12.5, unachukua asilimia 33. Mkupuo ni milioni 34.8, na pensheni ya mwezi ni kama 471,000. Ukiweka 40 badala ya 33, mkupuo unakuwa milioni 42.2 na pensheni 422,000.

Mmeona? Kigawanyo kimeongezeka, kizidisho kimepungua, na hivyo viwili havikurudi 2024. Ndiyo maana mtu anasikia "kutoka 50 hadi 40" anadhani amepoteza sehemu moja ya tano, akifika dirishani anakuta pengo ni kubwa zaidi. Ni kweli pensheni ya mwezi imepanda, na wanaotetea kanuni mpya wana hoja: wastaafu wengi walimaliza mkupuo ndani ya miaka michache wakabaki na kidogo. Ninawajua wawili wa mtaani kwetu. Hata mimi, kama ningekuwa ninaanza kazi leo, huenda ningechagua mkupuo mdogo na pensheni kubwa.

Neno langu ni hilo: ningechagua.

Huku mfuko wangu unaniwekea kila mwaka asilimia 2.32 ya mshahara wa mwaka huo kuwa pensheni. Siku ya kustaafu hakuna mkupuo wa lazima. Nikitaka fedha za mkononi, kwa kila pauni moja ya pensheni ya mwaka ninayoiachia ninapewa pauni 12, hadi kiwango fulani cha juu. Uwiano wa 12 hauko mbali na 12.5 yetu. Tofauti ni kwamba swali naulizwa mimi, nikiwa na hesabu zote mbili kwenye karatasi. Baba hakuulizwa.

Sisemi Uingereza wamemaliza kila kitu. Umri wa pensheni ya serikali unapandishwa kutoka 66 hadi 67 kati ya 2026 na 2028, na pensheni yangu ya kazini imefungwa kwenye umri huohuo, kwa hiyo wakiusogeza nami nasogezwa. Wafanyakazi wenzangu wanalalamika, na wana haki. Lakini kuna jambo moja wamelishika ambalo ningependa Dodoma walitazame. Mwenzangu mmoja ofisini alianza kazi miaka ya tisini, chini ya mpango wa zamani: sehemu moja ya 80 ya mshahara kwa kila mwaka, mkupuo wa mara tatu ya pensheni, kustaafu miaka 60. Mwaka 2015 watumishi wakaanza kuhamishiwa mpango mpya. Miaka yake iliyotangulia iliachwa ilivyo. Mpango mpya ulianza kuhesabu kuanzia siku aliyohamia.

Tena hata uhamisho huo ulipingwa, na waliopinga ni watu wa mahakamani. Serikali ya huku iliwaacha majaji waliokuwa karibu na kustaafu kwenye mpango wa zamani, ikawahamisha vijana. Majaji zaidi ya 200, kesi ikibeba jina la Victoria McCloud, wakasema huo ni ubaguzi wa umri. Mahakama ya Rufani ikawapa haki Desemba 2018, mwezi uleule ambao Ikulu ya Dar es Salaam ilisimamisha kikokotoo. Serikali ikakubali kwamba hukumu hiyo inagusa mipango yote ya watumishi wa umma: walimu, polisi, wauguzi, makarani. Kwa utumishi wa kati ya Aprili 2015 na Machi 2022, walioguswa wanachagua wenyewe ni mpango upi uwafae.

Desemba moja, nchi mbili, jambo lilelile. Kwetu nafuu ilitoka kwa tamko la Rais, ikadumu miaka mitatu na nusu, ikaondoka. Huku ilitoka kwa hukumu, na kila serikali inayokuja inaikuta.

Wengine wananiambia Serikali yetu haikuwa na jinsi, mifuko ilikuwa imeelemewa. Ilielemewa kweli. Lakini tuulize kwa sababu gani. PSPF ilianza mwaka 1999 ikabebeshwa kulipa mafao ya watumishi ambao miaka yao ya kabla ya hapo hakuna mchango uliokuwa umewekwa. Deni hilo la Serikali lilipohakikiwa lilifika shilingi trilioni 4.46, na Desemba 2021 ikatolewa hatifungani maalumu isiyo ya fedha taslimu, yaani hati ya ahadi ya kulipa baadaye, ya trilioni 2.17. Ninashukuru kwamba lilitambuliwa. Ila baba yangu, wa 1990, ni mmoja wa hao wa kabla ya 1999. Mwajiri hakuweka fungu lake kwa miaka tisa, mfuko ukayumba, na dawa iliyopatikana ikawa kupunguza mkupuo wa huyohuyo ambaye fungu lake halikuwekwa.

Kwa nini ninasisitiza watu wa mahakamani wakati walimu na wauguzi wameumia vilevile? Kwa sababu ya kazi yenyewe. Karani ndiye anayeshika jalada. Mwendesha mashtaka ndiye anayejua shahidi gani ni dhaifu, na ni kidhibiti gani kikichelewa kesi itaahirishwa mpaka mashahidi wachoke. Mtu wa namna hiyo akifika miaka 57 akagundua kwamba nyumba aliyoipigia hesabu haitaezekwa, kuna mtu mwenye kesi anayeligundua jambo hilo pia, na anajua kubisha hodi jioni. Baba aliwahi kubishiwa. Alimrudisha mtu yule na bahasha yake, na asubuhi akamweleza hakimu. Aliweza kufanya hivyo, ananiambia, kwa sababu aliamini vyake vinakuja. Sitaki kupima uaminifu wa karani wa leo kwa kumnyima imani hiyo.

Na ndani ya jengo lilelile majaji wana sheria yao ya maslahi na mafao, ya mwaka 2007. Siwaonei wivu, jaji lazima alindwe, na huku pia wana mpango wao. Ila ulinzi wa haki hauanzi kwa jaji. Unaanza pale jalada linapofunguliwa dirishani.

Kuhusu umri wenyewe sina ugomvi mkubwa. Huku majaji waliongezewa kutoka 70 hadi 75 mwaka 2022, na mawakili wa mashtaka hawana umri wa kulazimishwa kuondoka. Kwetu vijana waliomaliza Shule ya Sheria wanasubiri nafasi, na 60 inatosha. Ninachoomba ni umri uwe uleule kwa kila mtu. Mjadala wa Juni 2023, Jaji Mkuu wa wakati huo, Ibrahim Juma, alipotimiza 65 akaongezewa muda, ulitufundisha kwamba nyongeza ya mtu mmoja inazua maswali ambayo tarehe iliyoandikwa haizui.

Wenzangu mnaofanya kazi nje, nanyi angalieni vyenu mapema. Pensheni ya serikali ya Uingereza inahitaji angalau miaka 10 ya michango, na 35 kwa kiwango kamili. Ukirudi kuishi Tanzania inaganda pale ilipoanzia. Nyongeza za kila mwaka haziji, kwa kuwa hakuna makubaliano kati ya nchi hizi mbili. Ile ya kazini inaendelea kupanda popote ulipo. Na kama ulikuwa mtumishi nyumbani, hesabu miezi yako kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Mimi ningebaki miezi 44.

Kwa waliobaki kazini, ninachopendekeza ni kidogo na kinahesabika. Miezi iliyotumikiwa kabla ya Julai 2022 ikokotolewe kwa kanuni iliyokuwepo mtu alipoitumikia, na ya baadaye kwa kanuni mpya. Nimekokotoa kwa mfano wetu wa milioni moja. Miezi 380 kwa kanuni ya zamani na 28 kwa mpya inatoa mkupuo wa milioni 68.3 badala ya 42.2. Pensheni ya mwezi ingeshuka hadi kama 381,000, na anayeona bora ile kubwa aruhusiwe kuichagua. Nilimsomea baba hesabu hiyo kwenye simu Jumapili iliyopita. Aliniomba nirudie polepole aandike, akasema kuna wawili masijala wanaomaliza mwakani, atawapelekea.